Namba ya Kwetu Haihesabiwi

9 Januari

Kaka Bosi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ingawa najua ungependa nianze na ugomvi. Sisi wazima. Mguu wa Mama umevimba tena tangu mvua zianze, lakini mdomo wake haujavimba, unafanya kazi kama kawaida. Jana alimfukuza mteja aliyetema mate karibu na beseni la kupimia tyubu. Paka amezaa ndani ya tairi la trekta, na mwenye trekta amekuja mara mbili kulidai. Na wewe je, hujambo? Baridi ya huko imepungua? Ofisini wanakuheshimu?

Usishangae kupata barua, ni amri. Baada ya yale makelele yetu ya mwezi uliopita, Mama alininyang'anya simu mkononi akasema, "Watu wazima wawili mnabwekeana kama mbwa wa mageti mawili! Kuanzia leo habari ya gereji haipiti kwenye simu ya mtu yeyote katika nyumba hii. Mkitaka kubishana, andikeni. Mkono uchoke kabla ya ulimi." Nikamwambia barua inakaa wiki tatu njiani. Akasema ndiyo vizuri, itafika imepoa. Kwa hiyo akikupigia, ulizia mguu, ulizia paka, lakini gereji usiitaje. Atakata.

Sasa lenyewe. Bwana Magodoro, yule anayetaka kununua gereji, amekuja. Mimi nilikuwa chini ya lori, kwa hiyo nilichoona ni viatu tu, vyeusi, vimepigwa rangi, vinatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nikasikia tepu ya kupimia ikivutwa. Nikauliza, "Nani huyo anatupima sisi kama wafu?" Akajibu kwa sauti tamu, "Kaka yako ameshakubali, dada. Bado wewe tu."

Bado mimi tu! Kana kwamba mimi ni sahani ya mwisho kwenye karai. Kaka, gereji hii Baba alituachia sote wawili. Wewe ulikubali kwa niaba ya nani? Nilitoka chini ya lori na spana ya magurudumu mkononi. Sikumgusa, sikumtukana, lakini tepu yake ilikuwa imeshajikunja kabla sijasimama wima.

Anataka kufanya stoo ya magodoro, Kaka. Mahali ambapo malori yanasimama yakiwa yanachechemea na kuondoka yakiwa wima, yeye aje apange magodoro hadi kwenye bati. Mimi siuzi. Nimeandika kwa kalamu, haifutiki.

Dada yako asiye na haraka,
Jeki


2 Februari

Mdogo wangu Jeki,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha grisi kwenye bahasha, kwa hiyo sikuhitaji kugeuza nyuma kuangalia imetoka kwa nani. Mimi mzima. Ofisini kazi ni nyingi, watu wanaingia na kutoka kutwa, na kila mmoja anataka ahudumiwe kwanza. Mpe Mama pole ya mguu. Nimemnunulia soksi za kubana, nitampa mtu anayekuja huko. Na paka msimwondoe mpaka watoto wafumbue macho, mwenye trekta asubiri.

Mimi sikumpa yule bwana ahadi. Nilimwambia sina pingamizi. Ni vitu viwili tofauti, ila wewe ukishakunja uso huwa huoni tofauti.

Nisikilize kidogo. Miaka yote hii uko chini ya malori ya watu. Mgongo wako unalia kuliko jeki yenyewe, na usikatae, Mama ameniambia. Mama anahitaji nyumba mjini, karibu na hospitali, yenye choo cha ndani. Barabara nayo siku hizi imejaa wendawazimu, ipo siku mmoja atakosa breki akuingilie hapo ulipo. Habari ya ndoa siitaji kwa sababu mara ya mwisho ulinikatia simu. Gereji ni kuta tatu na bati, Jeki. Baba hayumo mle. Baba tulimzika.

Sasa kwa kuwa mimi nasema tuuze na wewe unasema hatuuzi, na kila mtu ana kichwa kigumu kwa kipimo kilekile, tuamue kama Baba alivyotuamulia. Unakumbuka lile benchi la kungojea wateja na sheria yake: atakayeona namba ya gari iliyotoka mbali kuliko zote, neno la jioni ni lake. Unakumbuka ile siku uliona lori la ng'ambo ya mpaka, na neno lako likawa kwamba Baba kesho asifanye kazi? Mzee wa watu alifunga gereji, akakaa siku nzima amekunja mikono, akiwapungia wateja waende zao. Mtoto wa miaka minane umemfungia mtu gereji! Lakini alitii. Alisema sheria isiyomgusa aliyeitunga ni kelele tu.

Basi mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Wewe hapo barabarani, mimi huku. Namba ya mbali kushinda zote, shahidi mmoja asiwe jamaa wa kununuliwa. Mshindi ndiye mwenye neno kuhusu gereji, na mwingine anatia sahihi bila kununa. Au unaogopa?

Kaka yako aliyekutangulia kuzaliwa, na hilo huwezi kulibishia,
Bosi


27 Februari

Kaka,

Salamu. Mama anakusalimu, anasema soksi hazijafika, na huyo mtu unayempa vitu ni mtu gani? Watoto wa paka wamefumbua macho, watatu, na mmoja ana jeuri kama wewe. Mwenye trekta amechukua tairi lake.

Mimi niogope? Nimekaa kwenye barabara kuu inayopitisha nchi nzima, halafu wewe uliyekaa ofisini na makaratasi unaniuliza kama naogopa! Nimekubali. Lakini nina masharti yangu, maana nakujua, ulikuwa mwizi wa mchezo tangu utotoni. Chombo kiwe kimefika kwa magurudumu yake. Kilichobebwa kwenye meli hakihesabiwi. Na umbali tunapima kutoka kwao hadi pale ulipokiona.

Na kwa taarifa yako, nimeshaanza. Juzi limeingia lori refu, tairi mbili za nyuma zimekwisha, na kibao cha namba kina herufi zilizojikunja ambazo sijawahi kuziona. Nikamwita Mama kabla hata sijamsalimia dereva. Dereva hajui lugha yetu, mimi sijui yake. Nikamwonyesha kibao, nikafungua mikono kumuuliza wapi. Akachuchumaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi: mstari, halafu mwingine, halafu mwingine. Mipaka mitatu, Kaka! Baada ya ule wa mwisho akachora nyumba, na mlangoni mwanamke mwenye tumbo kubwa, kisha akajigonga kifuani ili nijue ni wa kwake. Nilimfanyia kazi haraka nikamwacha aende. Mama ni shahidi, na Mama hanunuliki, ulishajaribu na soksi.

Halafu acha kunisemea mgongo. Mgongo ni wangu. Ungekuwa unauma wewe, ungeuza na miguu.

Mwenye namba ya mipaka mitatu,
Jeki


30 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mguu wa Mama umepungua. Huku baridi imeanza kukatika, na mimi nimenunua viatu vipya kwa sababu kazi yangu ni ya kusimama sana, kukagua hiki na kile. Jirani yangu wa chumba cha pili amehama, sasa nalala bila kusikia redio ya mtu. Hayo ndiyo ya kwangu.

Mipaka mitatu si haba, hongera. Sasa kaa chini. Mbele ya ofisi yangu hapa, Jumatatu asubuhi, limesimama gari la ubalozi, jeusi, linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, na kibao chake ni cha nchi iliyo ng'ambo ya bahari mbili. Sikuamini, nikalizunguka. Shahidi ni mlinzi wa zamu, mtu mzima, hana undugu na mimi.

Bahari mbili, Jeki. Hata ungekaa barabarani mpaka nywele ziwe nyeupe, hutaona hiyo. Mwite Bwana Magodoro mzungumze taratibu.

Bosi


24 Aprili

Kaka Bosi,

Sisi wazima. Soksi zimefika, asante, Mama anazivaa hata kulala. Daktari amesema mguu upumzishwe, na Mama amemwambia daktari apumzike yeye.

Gari la ubalozi! Huoni aibu? Hilo gari lilishushwa melini likiwa limevikwa nailoni, na kibao chake kilifungwa hukohuko mjini kwenu. Halijawahi kukanyaga barabara ya kwao hata hatua moja. Ukitafuta mtu anayeitwa mgeni lakini hajasafiri, ndilo hilo. Nimekutoa, na mlinzi wako mwambie arudi langoni.

Mimi nimepata pikipiki. Mume na mke, wazee wenye mvi, wameungua na jua mpaka pua zinabanduka, kibao kidogo kama kiganja, nchi yenyewe iko juu kabisa ya ramani. Najua utaniambia meli. Lakini meli iliwavusha kipande tu, Kaka, kipande kidogo cha maji, mengine yote wamekanyaga wenyewe. Fikiria kwa haki.

Rafiki yako hajakaa kimya. Wiki iliyopita alimwaga rundo la matofali mbele ya gereji, "kwa muda tu, dada." Madereva wakawa wanadhani tumefunga, wanapita. Mimi nikataka kwenda kumtoa roho. Mama akaniambia tulia. Akabebewa kiti chake hadi barabarani, akakaa na mguu wake juu ya ndoo, na kila lori lililopunguza mwendo alilielekeza kwa fimbo, ingia huku, pinda kule, usiogope. Kutwa nzima! Madereva wanamwita Trafiki. Na matofali sikuyatupa. Nimeyapanga nikatengeneza pa kupandishia magari madogo, maana muda mrefu nilikuwa nalihitaji hilo. Mpe shukrani zangu mkiongea.

Unataka nikahamie kwenye nyumba ya choo cha ndani nikafanye nini, nitazame choo? Mimi nikishika tairi lililokwisha nikalirudisha barabarani, siku hiyo nalala nimeshiba hata kama sijala. Wewe ulikuwa hivyohivyo. Ulikuwa bora kuliko mimi, na hilo huwezi kulibishia.

Jeki


19 Juni

Mdogo wangu Jeki,

Nimechelewa kujibu, ni kazi. Sijambo. Naomba radhi kwa Mama, nimempigia mara moja tu mwezi huu. Nimefurahi kusikia amekuwa trafiki.

Meli ni meli. Sharti umeliweka mwenyewe mwezi wa pili, na wino wako haufutiki, si ndivyo ulivyosema? Pikipiki imetoka. Tubaki na lori lako la mipaka mitatu.

Sasa mimi nimeona namba ya kwetu.

Ndiyo, ya kwetu. Asubuhi, huku nilipo, katikati ya magari ya watu. Gari dogo la kijivu, taa moja ya mbele imepasuka, limejaa vumbi hadi kwenye vioo, na kibao kile tulichokuwa tukikipita kila siku bila kukitazama. Kutoka hapo hadi hapa ni mipaka minne, na mzee aliyeliendesha amekuja nalo mwenyewe, tangu mlangoni kwake. Hakuna meli, hakuna ubalozi. Mlinzi ni shahidi. Tulisalimiana na huyo mzee, akaenda zake. Basi, ni hivyo tu.

Minne inashinda mitatu. Nimeshinda, Jeki, na nimeshinda kwa haki. Neno langu ni tuuze. Mwite Bwana Magodoro kabla mwezi haujaisha, mimi nitatuma sahihi yangu.

Kaka yako

Wewe bado unashona tairi kwa uzi mara mbili?


15 Julai

Kaka,

Hatujambo.

Umeshinda. Nimeipima barua yako kila upande, sikuona pa kukushikia. Sisi tulikaa kwenye lile benchi utoto mzima tukitazama namba za wenzetu, na ya kwetu hatukuihesabu hata siku moja, kwa sababu tulikuwa tumekaa nyumbani kwake. Kumbe ni wewe uliyekuwa mbali. Hongera kwa haki kabisa.

Na siuzi.

Umesoma vizuri. Nimeshindwa, nilikuwa nimekubali, na navunja. Niite mwongo, niite mwizi wa mchezo, hilo jina nalipokea leo. Baba alitunga ile sheria ili watoto wawili wasipigane kwenye benchi. Hakuitunga ili mmoja amwondoe mwenzake kwenye kazi yake. Nilimwambia Mama nimevunja sheria ya Baba. Akasema, "Angekuchapa." Nikamuuliza, halafu? "Halafu asubuhi angefungua gereji."

Bwana Magodoro nimemwambia mwenyewe, mbele ya wateja, kwamba sahihi yangu haipo na haitakuwepo. Amesema wewe utaniburuza. Njoo uniburuze. Utanikuta hapahapa, na uje na nguvu.

Na uzi wangu unakuhusu nini?

Jeki


8 Septemba

Kaka yangu,

Umenyamaza miezi. Mama anakupigia unaongea habari ya hali ya hewa. Yeye mzima, mguu umepungua, anatembea hadi kwa jirani na kurudi akigombana njia nzima. Mtoto wa paka mwenye jeuri ndiye aliyebaki. Ukinuna, nuna, lakini barua hii isome mpaka mwisho.

Wiki iliyopita Mama akiwa kliniki, gari dogo la kijivu limeingia gereji, taa moja imepasuka. Nilimjua mwenye gari mara moja. Ni mwalimu mstaafu wa huku kwetu, anaogopa ndege kama mtoto anavyoogopa sindano, na bintiye amejifungua nchi ya mbali. Mwezi wa tano alipita hapa akienda kumwona mjukuu kwa barabara. Tairi lilikuwa limepasuka ubavuni. Nilimwambia nunua jipya, akaniambia, "Fundi, wewe shona tu, litanifikisha." Nikalishona, mshono wa Baba, wa kupishana, uzi mara mbili. Sikukuandikia habari zake kwa sababu, kama unavyojua, namba ya kwetu hatukuwa tunaihesabu.

Sasa amerudi na akataka kunionyesha mshono. Haujalegea. Akakaa kwenye benchi akinywa maji, akasema, "Fundi, kule mjini nilikutana na kituko. Niliegesha gari hospitalini, nikaja kukuta msimamizi wa maegesho amechuchumaa kwenye tairi langu. Nikadhani ananiibia."

Nikauliza, alikuwa anafanya nini?

"Anapitisha kidole kwenye mshono, polepole. Halafu, utacheka, akaweka shavu kwenye tairi! Akafumba macho. Nikamwambia bwana vipi? Akainuka akaniuliza ni nani aliyeshona. Nikamwambia fundi mmoja wa kike, barabarani kwetu. Akauliza anaonekanaje. Mgongo wake je? Ana mtu wa kumsaidia? Nikamwambia yuko na mama yake, mama mwenyewe ana mguu mbaya lakini anaongoza malori kwa fimbo. Basi hapo akacheka sana, na machozi yakawa yanamtoka hapohapo. Nikamuuliza, wewe ni wa kwetu? Akasema hapana, yeye ni mtu wa kulekule."

"Ulimwamini?" nikamuuliza.

"Nimefundisha watoto maisha yangu yote," Mwalimu akasema. "Mtoto anayejibu hapana huku ameshika kitabu, huwa simuulizi tena. Lakini hakutaka nilipie maegesho."

Kaka, ni nani mwingine duniani anayesikiliza tairi kwa shavu? Baba alitufundisha sisi wawili tu, kwamba sikio linadanganywa na kelele za barabara, ila ngozi ya shavu husikia upepo hata ukiwa mdogo. Uliniandikia uliona namba. Hukuniandikia uliona tairi. Uliniandikia mlisalimiana, akaenda zake.

Nilikasirika. Nilirusha spana ikagonga bati, Mwalimu akamwaga maji. Nimekasirika hata sasa ninapoandika. Umelia kwenye kazi ya mikono yangu, halafu ukaenda ukakaa ukaniandikia niiuze! Kwa nini? Mgongo wangu, choo cha Mama, wendawazimu wa barabarani, hayo yote weka pembeni. Niambie lile lenyewe.

Na ofisi yako, Mwalimu ameniambia, ni kibanda cha bati langoni, kina madirisha pande zote. Kizuri. Gereji yangu haina hata dirisha moja. Ulifikiri tungekucheka? Mimi nazoa grisi, wewe unaelekeza magari, na mama yetu ni trafiki. Ukoo mzima uko barabarani, nani amcheke nani?

Neno lako nimelikataa na bado nalikataa. Gereji haiuzwi.

Mama sijamwambia aliyoyasema Mwalimu. Hilo ni lako.

Jeki


5 Oktoba

Mdogo wangu Jeki,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Baridi imerudi, mlinzi wa zamu anakusalimu, ameshazoea kusoma bahasha zako kabla yangu.

Umetaka lenyewe. Kila nikimpigia Mama, kabla ya kuaga ananiuliza, "Unarudi lini?" Si kwa kulalamika, anauliza kama anavyouliza nimekula nini. Miaka yote nimejibu karibuni, karibuni, mpaka neno lenyewe likaniishia mdomoni. Nilisema nikiwa na ofisi ya kweli nitarudi. Ofisi haikuja. Nikaona gereji ikiuzwa, nyinyi mkaenda mjini kwenye nyumba nisiyoijua, hakutakuwa tena na mahali panaponidai. Nitakuwa mtu wa huku tu, kama nilivyomwambia yule mzee. Nilitaka pauzwe ili mtu asiniulize. Niliona ni rahisi kukuondoa wewe kazini kuliko kujibu swali la Mama. Nimeliandika, limetoka, wala sitalirudia.

Halafu asubuhi ile likaja tairi lako. Nilijua mshono kabla sijaona kibao. Sasa unajua.

Lakini usijione. Mimi ndiye niliyeshinda mchezo, wewe ndiye uliyevunja sheria, na hilo nitakukumbusha mpaka uzeeke. Na kwa kuwa tunaambiana ukweli: ule mshono umelala vizuri, uzi umekazwa vizuri, ila fundo la mwisho umeliacha nje. Nje, Jeki! Safari nzima barabara inalisugua. Baba alilificha ndani, chini ya mpishano wa mwisho, na mimi nilikuonyesha kwa mikono yangu, ukasema umeelewa. Hukuelewa. Umebahatika tu kwamba mzee yule anaendesha gari kama anabeba mayai.

Kwa hiyo nakuja. Siji kwa sababu umeniita nije nikuburuze, wala kwa sababu umenigombeza kama mtoto, wala neno lako halijashinda langu. Nimeomba ruhusa kazini kuanzia mwisho wa mwezi, nimekatiwa tiketi ya basi, na begi liko chini ya kitanda. Nakuja kukufundisha fundo. Mwambie Mwalimu asilitupe lile tairi, nalitaka mezani. Kama nikiona na mengine umeyafunga hivyo, sitaondoka mpaka yote yafunguliwe yashonwe upya, hata ikichukua miaka.

Bwana Magodoro nimempigia mwenyewe. Ameniuliza nina pingamizi gani. Nimemwambia ninalo.

Mama akikuuliza habari zangu, mwambie sijambo tu. Ya tairi usimwambie, wala ya tarehe. Akinipigia Jumapili akaniuliza lile swali lake, nataka safari hii nimjibu mwenyewe.

Kaka yako